Reflekta Iliyotia Magari Adabu Salaita

Nakumbuka siku moja pale Salaita, mwanangu, lami imechemka kiasi cha kukaanga mayai ya kijiji kizima, nami nimesimama kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta na mashine ya kupima mwendo wa magari. Nilikuwa nasomea uzamili, utafiti wangu ukihusu usalama barabarani. Mimi huyu! Mtu aliyemaliza sekondari kwa masomo ya jioni pale Voi, mchana nikiwashikia wajenzi wa barabara bendera ya kusimamisha malori.

Watoto wa shule walikuwa wakivuka pale kila siku, na wazazi wao walikuwa wanalilia matuta. Wakuu wa barabara walikuwa wamewaambia: leteni vipimo kwanza. Basi vipimo vyenyewe ndivyo nilivyokuwa nikivichukua mimi.

Kanuni inataka uvae reflekta, kile kizibao cha kung'aa, ukiwa karibu na lami, sikatai. Lakini yangu niliivaa kama joho. Ilikuwa mpya, pana, na kofia ngumu juu, kifua mbele. Iling'aa hadi theluji ya Kilimanjaro ikaona wivu. Wiki tatu nikapima, na magari yakapita taratibu kama yamebeba maharusi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: mahali hapa ni salama, matuta hayahitajiki.

Nikiwa nafunga daftari, Nyanya Wakesho, muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara, akaniita.

"Wewe profesa wa reflekta, umepata nini?"

"Nyanya, madereva wa hapa wana adabu. Hata kobe angevuka."

Alicheka mpaka nikahofia kibanda chake kitaanguka. "Adabu? Wanadhani wewe ni trafiki! Huwaoni wanavyomulikiana taa tangu kule? Paka akiondoka, panya hutawala. Vua hiyo nguo uje ukae huku nyuma ya ndizi zangu."

"Nyanya, hii ni sayansi."

"Na mimi miaka yote hii hapa nahesabu nini, nzi?"

Nikaenda, shingo upande. Hata nusu saa haikuisha, lori likapita na upepo uliotaka kunipeleka hadi kijiji cha Mata bila nauli. Likafuata jingine. Kisha watoto wawili wakafika ukingoni, wakapiga hatua, wakarudi, wakashikana mikono, wakakimbia. Honi ikalia nyuma ya visigino vyao. Mwanangu, mimi hupenda kutia chumvi, lakini hapo siongezi hata punje. Kicheko kilinikauka mdomoni. Daftari langu lilikuwa linasema watoto wale wako salama.

Jioni ile simu ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji. Nikamwambia profesa wangu wiki tatu zote ni za kutupa.

Akauliza, "Nani aligundua?"

"Muuza ndizi."

"Basi kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yako, jina lake litangulie langu."

Nikaanza upya, safari hii nimejificha nyuma ya mikungu, mbali na lami. Vipimo vipya vikasema kweli, na matuta yakaja. Leo ukipita Salaita, gari likikurusha kidogo kwenye kiti, usinung'unike. Huo ndio mtihani wangu niliofaulu. Na ule ukurasa wa shukrani Nyanya aliubandika kibandani, juu ya ndizi, na kila mteja alilazimika kuusoma kwa sauti kabla ya kuhudumiwa.

Sasa nawe umepata nafasi ya uzamili, na kifua kimenijaa hadi vifungo vya shati vinalalamika. Sikia basi. Ukienda kupima kitu, jiulize kwanza kama hukukibadilisha kwa kusimama kwako pale. Anayekaa mahali ana elimu ya mahali. Muulize kabla hujafungua mashine. Na ukikosea, sema mapema, kalamu ingali mkononi, maana kosa likishapigwa muhuri anayelilipa ni mwingine, na huyo mwingine pengine ana miaka saba na begi mgongoni.

Nenda, mwanangu. Mungu akunyooshee njia, na kila barabara utakayoitia mkono iwarudishe watoto wa watu nyumbani, wakiwa na vumbi tu miguuni.