Mto wa Dawa ya Mgongo

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsingizia. Shetani mwenyewe siku zile nadhani alikaa pembeni akajifunza kwangu! Jina langu sitalitaja, ingawa kwa watu wa Bagamoyo ni kazi bure kujificha. Ulizeni tu Bwana Bado anakaa wapi, watoto watawaleta mpaka mlangoni.

Nilikuwa wakala wa duka moja la Dar es Salaam linalouza redio. Kazi yangu ilikuwa kuwafikishia watu wa pwani hii, na mpaka Miono huko ndani, vipuri vyake: betri, nyaya, na zaidi valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokaa ndani ya redio. Kimoja kikiungua, redio yako inabaki sanduku la kuwekea kofia.

Si kazi lelemama! Valvu ni kioo, na barabara zetu mnazijua. Mzigo wa Miono nikiupitisha Chalinze kwa lori, nusu hufika unga. Masika Mto Mpiji hujaa, magari yakakwama ng'ambo siku nenda siku rudi. Tena kila redio ina valvu za namba yake, huwezi kuazima kwa jirani. Basi watu wakazoea kungoja, nami nikazoea kungojewa. Jamani, kungojewa kuna utamu! Watu wazima walinipisha njiani wakaniita bwana, mimi niliyekuwa nikiuza karanga juzi tu.

Mwaka huo, mwezi wa Rajabu, nikapata valvu kumi na mbili, zote nzima. Ningewapa wenyewe, nikala halali yangu. Lakini nikajiona nina akili. Ramadhani ikikaribia, nikasema, kila mtu atataka redio yake izungumze, asikie mawaidha na habari za mwezi. Hapo bei nitaitaja ninavyotaka! Nikanyamaza kimya. Kila aliyeuliza nilimjibu, "Bado. Mpiji umejaa."

Aliyeuliza kuliko wote ni mzee mmoja wa Mlingotini, nimwite Mzee Sefu. Zamani yeye ndiye aliyewasomea wenzake gazeti barazani. Macho yakaingia ukungu, gazeti likamshinda, na baraza likapungua watu. Akauza nazi za misimu miwili, akanunua redio, wenzake wakarudi. Sasa valvu moja ilikuwa imeungua, na wale wenzake walikuwa wameanza tena kwenda kukaa kwingine. Kila Ijumaa alikuja kwa miguu na fimbo yake, njia akiijua kwa kuizoea.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Zimefika?"

"Bado, Babu. Mpiji umejaa."

"Haya. Mungu ataupunguza."

Ijumaa moja nilimjibu hivyo na huku basi lililotoka Dar es Salaam asubuhi ile limesimama hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Yeye hakuliona. Mimi nililiona vizuri sana.

Valvu zenyewe nilikuwa nimezificha ndani ya mto wa kulalia, katikati ya sufi, nikaushona kwa mkono wangu. Mke wangu akaubonyeza.

"Baba Zuhura, mto huu mbona mgumu?"

"Usiuguse!" nikamwambia. "Una dawa. Mgongo unaniuma."

Masikini, akaniamini. Akaanza hata kunichemshia maji ya moto ya kujikanda, nami nikajikanda mgongo mzima usio na ugonjwa wowote!

Mwezi wa Shaabani tukamfanyia mwanetu Zuhura akika, na maulidi yakasomwa nyumbani. Mzee Sefu naye akaja, amechoka na mwendo, akaketi kwenye mkeka akijishika kiuno. Mke wangu alimwona kutoka ndani akamhurumia. Akamwita kaka yake, akampa ule mto. Mimi nilikuwa uani kwenye sufuria ya pilau, najisifu namna ninavyokaanga vitunguu.

Niliingia wakati watu wamesimama kumsalia Mtume. Nikauona mto, umewekwa nyuma ya Mzee Sefu! Nikataka kuuendea, lakini utampitaje sheikh katikati ya kisomo? Watu wakaketi. Nyumba ikatulia. Mzee Sefu akashusha pumzi, akaegemea kwa uzito wake wote.

Lo! Mlio ule nausikia mpaka leo.

"Huo mto una dawa ya mgongo, Babu," shemeji akaeleza kwa adabu.

Mzee akauvuta mapajani. Akapapasa mshono wangu wa ovyo, akaingiza vidole viwili, akatoa valvu moja iliyopona. Akaigeuzageuza, akagusa miguu yake ya waya mmoja mmoja. Watu wote wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

"Kumbe zimefika," akasema.

Heri angenitukana! Sheikh akaendelea kusoma, na mimi nikarudi kwenye pilau nikakuta imeungua.

Habari ilifika Dar es Salaam kabla ya Ramadhani kuandama. Uwakala akapewa mtu wa Chalinze. Mke wangu mpaka leo nikimwambia kichwa kinaniuma, huniuliza nimeficha nini. Nikiuliza kama chakula tayari, hujibu, "Bado. Mpiji umejaa."

Valvu zilizopona zilikuwa tatu. Nilizipeleka Mlingotini mwenyewe, kwa miguu, na njia ile ni ndefu, sasa naijua. Moja ilikuwa ya namba yake. Nikaipachika, redio ikakohoa, ikazungumza, na watu wakaanza kusogea barazani. Nilitaka kuondoka kwa aibu, mzee akanishika mkono.

"Mpeni mgeni mto aegemee," akasema. "Egemea bila hofu, mwanangu. Huu wetu una sufi tupu."

Baraza zima likacheka. Nikaegemea. Mto ulikuwa laini, na mgongo ukaniuma kweli, kwa mara ya kwanza.

Basi wenzangu mnaongojewa na watu, nawaombeni. Mzigo ukifika, semeni umefika.