Siku Tisa za Gundi

Fundi wa vioo alikuwa mbishi tangu utoto, lakini mwaka ule ubishi wake ulipita kiasi. Maabara yao ilikuwa na chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote, na ndani yake vioo viwili vidogo vilivyotazamana. Kati ya vioo hivyo atomi zilipozwa kwa mwanga mpaka zikakaribia kutulia tuli, kisha zilitakiwa zikubaliane zote kutoa mwanga kwa pamoja, leza safi kupita zote walizowahi kutengeneza. Miezi mitano zilikuwa zimegoma.

"Fundi, tufungue chombo," profesa wa maabara alimwambia. "Nadhani vioo vimechafuka."

"Vioo havina neno. Angalia pampu."

Pampu ikabadilishwa. Akasingizia sumaku, nyaya, hata feni ya chumba cha jirani, maskini feni ya watu. Wenzake wakamtania kwamba bado hajaulaumu mlango. Lakini vioo vile vilibandikwa na mke wake, fundi mwenzake wa meza moja kwa miaka kumi na tisa, na ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kufariki. Kukiri kwamba mikono ile ilikosea kulimshinda kabisa.

Vilipokwisha vya kulaumu, profesa akaamuru chombo kifunguliwe, akamwachia fundi hadubini. Utando mwembamba ulikuwa umetanda juu ya kioo, kama mvuke wa chai kwenye miwani. Ilikuwa gundi. Gundi ya vioo hupashwa moto kwenye tanuri siku kumi na nne ili mvuke wake uishe. Ikitolewa mapema, mvuke uliobaki hutoka ndani ya chombo na kuganda kwenye vioo.

Profesa akafunua daftari la kazi. "Hapa pameandikwa siku tano. Marehemu hakuwa mtu wa kulipua kazi."

"Hakulipua. Mimi ndiye niliyemsihi."

Akasimulia. Hospitali ilikuwa imeshawaambia ugonjwa umefika pabaya. Mkewe alikuwa akifanya kazi huku ameshikilia meza asianguke. Siku ya tano uvumilivu ukamwisha fundi.

"Itoe, mke wangu. Tufunge chombo, uiwahi leza yako."

"Baba watoto, haijaiva hiyo."

"Nakuomba."

Mkewe akavaa glavu, akaitoa.

Profesa akalifunga daftari. Wakaanza upya. Fundi alibandika vioo vipya mwenyewe na kuviacha kwenye tanuri siku kumi na nne kamili. Wakafunga chombo, wakanyonya hewa, wakapoza atomi. Siku ya ishirini na sita tangu vioo viingie tanurini, saa nane mchana, mstari kwenye skrini ukapanda ghafla na kubaki juu: leza imewaka. Watu wakarukaruka. Profesa akamkumbatia.

Fundi akajitoa mikononi mwake, akaenda kukaa kwenye kiti cha korido. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani, wala hakuitaka. Tangu siku ile aliyomsihi, mkewe aliishi siku arobaini na moja. Wangevumilia zile tisa zilizobaki za tanuri, kisha kumi na mbili za kufunga na kupoza kama walivyofanya sasa, leza ingewaka ndani ya wiki tatu. Angeiona. Angebaki na siku ishirini nzima za kumcheka mumewe kwa haraka zake.

Akalia kwa sauti, mlango wa maabara ukiwa wazi, huku ndani wakiendelea kupiga makofi.