Fundi Niliyemnyima Nauli

Watu wanapenda kusema mambo ya namna hii hutokea usiku wa manane, makaburini, tena kwa walevi. Langu lilitokea saa saba mchana, siku ya Jumamosi, nyumbani kwangu Nzuguni, jua la Dodoma likiwa utosini. Na pombe sijaionja miaka mingi. Usiponiamini sitakulaumu, maana hata mimi ningehadithiwa ningecheka. Lakini nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nina shida na wewe.

Nianze na gari. Marehemu baba aliniachia gari dogo la zamani, zima lakini limechoka, likiona mlima linahema. Mimi karani wa masijala, gari jipya ningelitoa wapi? Nikapata turbo iliyotumika, ya kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, fundi wa mtaani akanifungia, nikajiona nimemaliza. Kumbe nimeanza. Injini ikawa inagonga na kuchemka, maana kontroboksi, ule ubongo wa gari unaoamua petroli iingie kiasi gani, haikujua habari za turbo. Hewa inaingia nyingi, petroli inaletwa ileile ya zamani. Ukiendelea kukanyaga hivyo, siku moja pistoni inatoboka.

Mafundi wa Dar waliniambia ninunue kontroboksi mpya ya kufundishika. Bei waliyotaja ni ya kununulia kiwanja, nami nilikuwa na mkono wa birika, sikatai. Ndipo kwenye kundi la mtandaoni la wenye magari ya zamani nikaelekezwa kwa Fundi Sefu wa Morogoro. Huyu alikuwa anatengeneza kiboksi chake mwenyewe, kidogo kama kiberiti, anakiunganisha na kontroboksi ileile ya gari, kisha anaifundisha upya kwa kompyuta. Bei yake hata mimi bahili sikupata la kusema. Ikabaki nauli tu.

Unajua habari za nauli hapa kwetu. Ukimwita mtu kutoka mbali, unamtumia nauli kwanza. Na unajua pia utani wake, kwamba nauli ikishatumwa inaliwa na mtu haji. Fundi Sefu akasema, "Bosi, nitumie nauli ya basi, Jumamosi asubuhi niko kwako." Nikamjibu, "Mafundi nawajua. Njoo, nauli nitakupa ukifika." Akacheka. Akasema sawa bosi, basi atakuja na pikipiki yake, ataondoka alfajiri. Nikakata simu nikajisifu kwa mke wangu kwamba mimi siliwi nauli kizembe.

Jumamosi ikafika. Saa mbili, saa nne, saa sita, simu yake inaita haipokelewi. "Si nilikuambia?" nikamwambia mke wangu. "Ningetuma ingekwenda hiyo." Nilimtukana yule mtu, Mungu anisamehe. Mke wangu akaenda zake Majengo sokoni akaniacha nanung'unika.

Saa saba geti likagongwa. Nafungua, namkuta kijana mwembamba, koti zito la baridi limefungwa vifungo vyote, mkoba begani, vumbi upande mmoja tu, kuanzia shavuni mpaka kiatuni. "Shikamoo bosi. Nisamehe, nimechelewa." Nikamuuliza pikipiki iko wapi. Akasema ameiacha njiani. Nikamletea maji ya baridi, akayaweka chini, hakuyagusa. Nikamwambia avue koti, joto lile si la mchezo. Akasema yeye anasikia baridi. Nikadhani ana malaria.

Akafanya kazi. Niamini, kwa macho yangu nilimwona akitoa kiboksi mfukoni mwa koti, akakata nyaya, akaunga, akafunika. Mikono yake ilikuwa mitulivu, na kila alichofanya alinieleza kwa upole kama mwalimu wa watoto wadogo. Nikaona haya kwa yale matusi ya asubuhi.

Sasa kazi hii ya kufundisha injini haimalizikii nyumbani. Lazima mmoja aendeshe na fundi akae kushoto, kompyuta mapajani, anasoma namba na kukuambia kanyaga, achia, kanyaga tena. Kiti changu cha kushoto kina springi mbovu. Akikaa mtu yeyote, hata mtoto, kinapiga kelele kama mlango wa ghala. Fundi Sefu alipokaa, kilinyamaza. Nililiona hilo. Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye gari.

Tukashika barabara ya Dar, tukapita Ihumwa, tukapita Chamwino. Gari likaanza kubadilika chini ya mguu wangu. Kule kugonga kukapungua, kukaisha. Vilima vilivyokuwa vinanitesa likawa linavipanda linaimba. Nilifurahi nikapiga honi hovyo. Kila nikitaka kugeuza anasema, "Twende mbele kidogo, bosi." Tukaenda mbele kidogo mpaka Kibaigwa.

Pale soko la mahindi malori yamejaa, wabeba magunia wanapita huku na huku, akaniambia nisimame. Akafunga kompyuta. "Limekamilika. Usiliongezee presha ya turbo zaidi ya hapo, litakutunza. Mimi nashuka, kutoka hapa nitamalizia mwenyewe." Nikatoa ujira wake. Hakuupokea. Akasema, "Mpe mama Zainabu. Namba ni ileile." Hata nauli hakuitaja. Akashuka, akapita kati ya malori mawili, nami nikabaki nimeshika hela mkononi kama mjinga.

Nilingoja kidogo, kisha nikapiga namba yake nimuulize amekwenda wapi. Safari hii ikapokelewa. Alikuwa mwanamke, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nani mwenzangu?" Nikasema mimi ni yule wa Dodoma, namtafuta Fundi Sefu. Akasema, "Baba Zainabu amefariki, kaka. Aligongwa na lori alfajiri, akiwa anakuja kwako. Simu wametukabidhi polisi sasa hivi."

Nilimwambia nini? Sikumbuki. Nakumbuka mbeba gunia mmoja akigonga kioo na kuniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nakumbuka nikitazama kile kiti.

Kesho yake nilikwenda Morogoro kuzika. Nilikwenda na gari lilelile, halikugonga hata mara moja, na njia nzima nililia. Tulipotoka makaburini msemaji wa familia alisimama akatuomba, kama ilivyo desturi, kwamba yeyote ambaye marehemu alimkosea basi amsamehe. Nilitazama chini. Baadaye kaka wa marehemu akaniambia shemeji yake anataka kuniona. Akanipeleka mpaka mlangoni kwa mjane, amejitanda khanga, mama mmoja mtu mzima kakaa pembeni yake. Nikampa ule ujira, nikasema ni rambirambi. Naye akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Hiki kilikuwa mfukoni mwa koti lake. Ameandika Gari la Dodoma, nikajua ni chako."

Nikafungua pembe ya gazeti. Kilikuwa kile kiboksi.

Baada ya kuagana nao nilikwenda kwenye gari, nikafunua pale nilipomwona akikata na kuunga. Nyaya zilikuwa nzima, za kiwandani, hazijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Nikawasha, injini ikaunguruma taratibu kama imetoka dukani. Mafundi watatu wameshaitazama tangu siku hiyo na hakuna aliyenipa jibu.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Nimekuambia baada ya kuagana, sijakuambia tuliagana vipi.

Pale mlangoni mjane aliniuliza swali. Hakuniuliza kwa ugomvi, aliniuliza kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea. "Nilimwambia usiku barabara ina malori, panda basi. Akasema hana nauli. Kwani kaka, hukumtumia?"

Kaka wa marehemu alikuwa ananitazama. Wanaume uani walikuwa wananitazama, au niliona hivyo kwa sababu ya hofu. Nami nikasema, "Nilimtumia."

Laiti ardhi ingenimeza. Nilimwona yule mjane anavyolipokea lile neno. Aliivuta khanga mpaka machoni, akasema, "Hakuwa na tabia hiyo. Labda alikuwa na shida asiyotaka niijue. Naomba umsamehe, kaka."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Nimemsamehe."

Mtu aliyefia njiani kwa sababu yangu, akaja na mauti yake akanifanyia kazi hakunidai kitu, mimi ndiye nikamsamehe. Mke wangu nilipomsimulia hakunigombeza. Alitoka nje akakaa peke yake, na mpaka leo hapandi gari lile.

Nilijipa moyo wa kurudi Morogoro edda ilipokwisha. Miezi minne na zaidi niliogopa, huo ndio ukweli. Nikakuta chumba walichokuwa wamepanga kina wapangaji wengine. Wakaniambia mama Zainabu amechukua mtoto wamekwenda kwao, upande wa Tanga, kijiji hawakijui. Namba ileile haipatikani tena. Naipiga hata hivyo.

Basi wewe unayesoma, ukimwita mtu kwa kazi, mtumie nauli. Akiila, umeliwa nauli tu, utapona. Na kama uko huko Tanga, ukamjua mjane mmoja ana binti anaitwa Zainabu, mumewe alikuwa fundi wa magari, mwambie mumewe hakula nauli ya mtu. Mwambie sikutuma.