Chambo cha Kessinger Hakinuswi

Saa mbili asubuhi, baridi ya Novemba imeshika ardhi, na Arvilla Kessinger anafungua chupa moja baada ya nyingine na kuzimwaga katika shimo nyuma ya banda lake. Kinachotoka ni kizito, rangi ya kahawia, na mtu mwingine angekuwa ameshaziba pua. Yeye ameinama juu ya shimo kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

"Hamia upande huu wa upepo, Dada Arvilla," anasema jirani yake, Odell Tibbets, aliyejifunga kitambaa usoni. "Wewe husikii harufu, lakini koti lako linasikia."

"Koti langu limezoea. Wewe ndiye umekuja umevaa kama mwizi wa benki."

"Afadhali mwizi wa benki. Hanuki samaki."

Wanacheka, kisha kicheko kinakatika. Masanduku ya chupa bado ni mengi.

Arvilla, mjane wa miaka 66, anaishi karibu na Mto Chariton, kaskazini mwa Missouri. Kwa zaidi ya miaka thelathini amewatengenezea wategaji chambo cha kunasia rakuni, mbweha na wanyama wengine wa manyoya. Samaki waliokatwakatwa hukaa kwenye mitungi tangu Juni, vifuniko vikiwa vimelegezwa ili hewa itoke, mpaka nyama iyeyuke na kuwa mafuta. Huchuja, akatia asali, mafuta ya anisi yenye harufu ya peremende, na tone la majimaji ya kicheche ili harufu isafiri mbali wakati wa baridi.

"Watu huniuliza vipimo. Sina," anasema. "Mama mkwe alinifundisha kwa pua. Kikinuka uozo mtupu, ngoja. Siku uozo unapogeuka ukawa na utamu unaokukaba kooni, kimeiva. Sasa hapo nipime nini?"

Februari aliugua mafua makali. Homa iliondoka na pua yake. Kahawa ikawa maji ya moto tu. Daktari alimwambia huenda harufu ikarudi, huenda isirudi.

Kila Jumatano kanisani aliomba, lakini kimoyomoyo. "Wenzangu wanaombea wagonjwa wa saratani," anasema. "Mimi nisimame niseme, Bwana, nirudishie pua ninuse samaki waliooza?"

Hakumwambia mtu. Kiangazi chote alifanya kazi kwa kuangalia rangi na kukumbuka. Septemba akapeleka chupa zake kwenye mkutano wa wategaji, kama kila mwaka.

Pale mkutanoni, mnunuzi hufungua chupa, hunusa, ndipo hulipa. Kwa meza ya Kessinger tu mambo ni tofauti. Tangu enzi za mama mkwe, hakuna anayenusa. Anayegusa kifuniko huzomewa: "Wee, unamkagua Kessinger?"

"Mwaka huu nilisali mtu mmoja anidharau," Arvilla anasema. "Mmoja tu afungue. Walinunua, wakanishika mkono, wakaondoka."

Msimu wa kutega ulipofunguliwa, Odell, ambaye naye ni mtegaji, alikuwa wa kwanza kuona. Nyayo za rakuni zilifika hatua moja kutoka kwenye mtego, zikageuka. "Utadhani wamesoma tangazo la kuwafukuza," anasema. Akachukua chupa aliyokuwa hajaifungua, akaifungulia juu ya meza ya jikoni. Chini ya ule uozo palikuwa na harufu ya dizeli.

Akaenda kwa Arvilla. "Dada, ulimimina kwa kutumia nini?"

Arvilla akateremsha faneli yake ya kumiminia chupani kutoka kwenye rafu. Odell alipoiona, akaketi kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyeiazima Agosti, akajazia trekta dizeli, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha.

"Nilijua ataisikia," anasema sasa, macho chini. "Nani asingeisikia?"

Hapo ndipo Arvilla alipomwambia habari ya pua yake.

Ngozi ya rakuni siku hizi hailipi hata petroli ya kwenda kukagua mitego. Wanaoendelea wanategemea wiki hizi za mwanzo, kabla theluji haijawaingiza wanyama mashimoni. Wiki hizo zimekwisha. Arvilla amewapigia simu wote aliowauzia, warudishe chupa. Mteja mmoja kijana hakujibu simu. Alirudisha chupa yake, akaiacha barazani, akaondoka bila kubisha.

"Angebisha akanitukana, ningelala," anasema. "Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka maua kaburini."

Ndani ya banda umebaki mtungi mmoja ambao faneli haikuugusa. Binti yake, Tressa, atakuja kutoka Kansas City kwa Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu. Ana pua kali kuliko mtu yeyote katika ukoo. Pia ndiye aliyeondoka nyumbani akiapa kutokanyaga tena banda hilo, kwa sababu shuleni watoto walisogeza madawati yao mbali naye.

"Tukishakula bata mzinga, nitamweleza," Arvilla anasema. "Nitamwomba aje anuse hapa mara moja kwa mwaka. Sina kingine cha kumwomba Mungu wala mtu."

"Na akikataa?" Odell anauliza.

Arvilla anaingia bandani, anautoa ule mtungi, anaondoa kifuniko. Anauinua mpaka usoni, anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Anangoja. Anavuta tena.

Kisha anamsogezea Odell, aliyetafuna tumbaku tangu ujana wake. Odell anashusha kitambaa, ananusa, anageuka pembeni na kukohoa hadi machozi yanamtoka.

"Kimeiva?" Arvilla anauliza.

"Sijui, Dada," anasema Odell. "Kwangu kinanuka tu."