Kaburi Alilolipanda Eliezeri

Eliezeri wa Marangu hakuzaliwa mwongo, na sitaki mumwone hivyo. Alizaliwa na maneno mengi, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa ni majirani waliopakana.

Ujanani alikuwa mpagazi. Alipandisha mizigo ya wageni mlimani mpaka goti la kushoto likamwambia basi. Akarudi kwenye kihamba chake, kwenye migomba na kahawa, na mkewe Beatrice akadhani amepata mtu wa kumsaidia kukata majani ya ng'ombe. Wapi! Eliezeri akaanza kuongoza wageni wanaotembelea kijiji. Aliwaonyesha mfereji, akawatwangisha kahawa kwenye kinu huku wakicheka, kisha akawakalisha kwenye gogo na kuwapa habari za Kirenga.

Kirenga ndiye aliyekuwa kiongozi wa vita wa upande ule, Wajerumani walipopanda mlima na bunduki zao. Yeye alikuwa na mikuki, ngao za ngozi, na vijana waliomfuata bila kuuliza. Aliwazuia kwenye korongo la mto siku tatu. Siku ya nne aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akaenda bila silaha kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake, akafungwa kamba. Hakuonekana tena. Eliezeri aliyasimulia haya kwa mikono na macho, na wageni wengine walitoa machozi.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, kama wazee walivyoiacha. Kilichomponza ni swali. Siku moja mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, alifuta macho akauliza, "Amezikwa wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: hatujui. Lakini mtu aliyekwisha kuwaliza watu huona haya kumalizia na neno jembamba hivyo. Eliezeri akatupa macho pembeni, akaona masale yamestawi kwenye kona ya kihamba, akanyoosha kidole.

"Pale."

Sasa, kwa Mchagga masale si majani ya urembo. Hupandwa mpakani, hupandwa kaburini, na yakishapandwa hakuna mkono wa kuyang'oa. Yale ya kona aliyapanda Eliezeri mwenyewe, ya mpaka, mwaka waliogawana shamba na kaka yake Sifael. Sifael alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo aliyejua alibaki mmoja.

Hazikupita wiki tatu, habari zikamfikia mae Elisifa; mae kwetu ni mama. Huyu ni mjukuu wa Kirenga wa damu. Baba yake alikuwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama siku Kirenga alipochukuliwa. Alikuja na kibuyu cha maziwa, kitenge kipya kiunoni.

"Baba alikufa akimtafuta," alisema. "Aliniachia neno moja tu: ukimpata, mpe maziwa."

Akapiga magoti, akamwaga. Eliezeri alifungua mdomo aseme ukweli, naapa alifungua. Lakini mama yule aligeuka na uso uliolowa machozi, akasema, "Aika, mwanangu, kwa kututunzia mtu wetu." Mdomo ukajifunga.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Eliezeri ilikwenda miaka kumi na minne. Kila mwezi mae Elisifa alileta maziwa yake. Kila Krismasi, Wachagga wakirudi nyumbani na magari na kuchinja, mwanawe Jesse alileta fungu la nyama lililofungwa kwenye jani la mgomba, fungu la mlinzi wa kaburi. Eliezeri alitafuna, kwani angesema nini? Akakonda. Beatrice akashuku minyoo, akamnywesha dawa. Habari za Kirenga akaziacha kabisa, na wageni akawa anawapitisha njia ya nyuma. Kanisani aliungama, lakini sisi Walutheri huungama wote kwa pamoja, na penye wengi mtu hujificha vizuri sana.

Mwaka huu Jesse alikuja na habari.

"Shikamoo mzee. Jumamosi naleta fundi na saruji. Tunamjengea babu, tunaweka na jiwe la jina. Mama naye amesema akifa alazwe hapohapo, ubavuni pa babu yake, siyo kwa marehemu baba. Ukoo umekubali. Mchungaji atakuja, na wewe utasimama useme wazee walivyokuonyesha."

Eliezeri aliitikia kwa kichwa, akamsindikiza mpaka langoni. Kumdanganya mgeni ni jambo moja. Kumlaza mama wa watu mbali na mumewe, ubavuni pa mpaka wa shamba, hilo hata maneno yake mengi hayakulitosha.

Alhamisi asubuhi alikata jani la isale, akalifunga fundo, akashuka kwa mae Elisifa. Ukipelekewa isale na aliyekukosea, mila haikuachii nafasi ya kukataa. Utasamehe, hata kama moyo unachemka. Eliezeri alilijua hilo, na lilimwongezea aibu, kwamba anakwenda kuomba kwa mtu asiyeruhusiwa kumnyima.

Mae Elisifa alikuwa barazani akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mae."

"Marahaba." Akaliona jani, akacheka. "Umegonga mbuzi wangu?"

Eliezeri alipiga goti, lile bovu likalia. "Mae, yale masale niliyapanda mimi. Ni ya mpaka wangu na Sifael. Chini yake hakuna mtu. Nilimdanganya mgeni, kisha ukaja wewe, nikashindwa kusema."

Mikono ya mama ikasimama juu ya maharage. Eliezeri alimwomba Mungu mama amtukane. Aliomba ungo umshukie kichwani.

"Ronald alipokufa," alisema mae Elisifa taratibu, akimtaja kifungua mimba wake, "sikulia mbele ya watu. Nilikwenda pale. Nilimweleza babu peke yake."

"Nilikuona, mae."

"Uliniona."

Alinyoosha mkono, akapokea jani. "Mila ni mila. Nimekusamehe." Akaligeuzageuza. "Umelikata wapi?"

Masale yalikuwa yamejaa njia nzima, hata langoni pake yalikuwepo. Eliezeri alikuwa amekata ya karibu naye, yale ya kona, bila kufikiri.

"Palepale, mae."

Mama aliliweka jani juu ya maharage. "Mwambie Jesse asilete saruji. Baba yangu hakumlilia baba yake, maana alikuwa anamtafuta. Mimi sikumlilia, maana nilidhani nimempata." Akauvuta mtandio ukamfunika uso. "Basi leo ndiyo nimefiwa."

Akalia kwa sauti ya msiba, ile inayotoa watu mashambani. Walikuja mbio, wengine na majembe mikononi, wakamkuta Eliezeri bado amepiga goti barazani.

"Nani amekufa?" waliuliza.

"Kirenga," alisema Eliezeri.

Wakatazamana. Mmoja, mzee Kornel, akasema mbona huyo ni wa zamani, na kaburi lake liko kwako.

"Haliko kwangu."

"Sasa amezikwa wapi?"

Eliezeri alimtazama mama aliyejifunika.

"Hatujui," alisema.