Jirani Hamwagishwi

Juzi nilinunua gunia la makaa pale Mtoni, kwa ajili ya hitima ya shangazi yangu. Juu yalipangwa mapande meusi ya kupendeza. Kati mchanga. Chini kabisa, niwie radhi ndugu yangu, pampasi ya mtoto, imetumika, imekunjwa vizuri. Nilikwenda kutapika kwenye mgomba.

Ule uvundo ulinirudisha utotoni, maana nimeshawahi kunusa ndugu yake.

Babu yangu alikuwa mhunzi, na kiwanda chake kilikuwa uani kwetu, hapo hapo Mtoni. Alifua majembe, meno ya mbuzi za kukunia nazi, na misumari ya vyombo vya baharini. Masizi yaliingia kila mahali. Tukipenga kamasi nyeusi, tukila mhogo wa nazi wenye vumbi la makaa, na bibi akisema anayeona kinyaa akale kwa mjomba wake.

Kabla ya masika babu alihitaji makaa ya msimu mzima, kwani mvua zikianza hupati makaa makavu. Mnunuzi alikuwa bibi. Alitandika jamvi kuukuu uani, akaketi juu ya kibao chake, na muuzaji akishusha gunia alimwambia neno moja tu: mwaga. Gunia zima lilimwagwa. Kaa zuri ukiligonga hulia kama kikombe cha kaure; bibi aligonga na kusikiliza, nasi watoto tukichambua vinga, yaani vijiti vilivyoungua nusu, tukivirudisha kwa mwenyewe. “Miye sinunui uso wa gunia,” alikuwa akisema, “nnanunua tumbo.” Wauzaji walinuna, lakini walimwaga.

Mwaka mmoja jirani yetu akaingia katika biashara ya makaa. Mtu wa safu ya mbele msikitini, tasbihi haimtoki mkononi, na kila jioni alikuwa barazani kwetu akinywa kahawa ya babu. Mwaka huo babu alikuwa amewaahidi mafundi wa Nungwi misumari ya chombo kizima. Kazi kubwa kuliko zote alizopata kupewa, na alijua akiiharibu hawatamrudia.

Magunia ya jirani yalipofika, bibi akatoka na jamvi lake. Babu akamzuia.

“Jirani hamwagishwi,” alisema. “Ni kumvunjia heshima.”

Bibi alilikunja jamvi taratibu. “Uzuri wa mkakasi,” alijibu, “ndani kipande cha mti.” Akaingia jikoni.

Mvua zikaanza, magunia yakafunguliwa. Chini ya mapande mazuri kulikuwa na makumbi ya nazi, yale yanayozikwa kwenye matope ya pwani yaoze ili yasokotwe kamba. Kama hujapata kuyanusa, mshukuru Mungu. Uvundo ule uliingia kwenye nguo, kwenye maji ya mtungi, kwenye wali. Makaa machache yaliyokuwamo yalilowa maji ya makumbi. Babu alivuta mivukuto mpaka mabega yakamvimba, na moto ukatoa moshi tu. Chuma hakikuiva. Alikifua hivyo hivyo, kwa kuwa aliahidi, na misumari ikatoka na nyufa.

Mafundi wa Nungwi walikuja. Mkubwa wao aliukunja msumari mmoja, ukakatika. Aliviweka vipande viwili chini kwa adabu, wakaaga, wakaenda zao. Hawakuja tena, wala wengine wa Nungwi.

Na jirani? Jioni ile alikuja kunywa kahawa, na babu akammiminia. Hapo ndipo nilipojua kinyaa ni nini. Bibi alitoka na jamvi, akalitandika barazani mbele yao, akamwaga makumbi.

“Heshima yako hii, jirani. Uliisahau kwetu.”

Babu alitazama chini. Jirani alimaliza kikombe chake, akaomba kipande kingine cha halua.

Kiwanda cha babu hakipo, na jamvi la bibi sijui lilioza wapi. Jana nilirudi na gunia langu kwa yule kijana muuzaji, nikamwaga kila kitu miguuni pake. Hakushtuka. Alisema, mama, si mie niliyelijaza, limekuja hivyo hivyo. Akanivutia jingine.

“Mwaga,” nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. Hapa hatumwagi, alisema. Niligeuka kwa wanunuzi wenzangu nyuma yangu, nikidhani watanitetea. Mama mmoja aliyejifunika pua kwa ukaya aliniomba niharakishe, wanachelewa. Pampasi ilikuwa pale pale katikati yetu, na watu wanairuka.

Hitima ni kesho asubuhi, na sufuria zinangoja. Nikalichukua gunia. Limeshonwa vizuri, na lina uso mzuri sana.