Simu Iliyozama Kwenye Rubisi

Nasema wazi: nilimpa Mama Kokwijuka kona ya duka langu hapa Omurushaka kwa huruma tu. Ana miaka sitini na mmoja, alianza kutengeneza redio kabla sijazaliwa, lakini mimi Gharib nilijiona ndiye fundi. Simu zangu, redio zake. Mteja akimsogelea na simu, nilimwita kwangu kwa sauti ya juu, naye hakuwahi kununa.

Juzi akaingia Adela wa Igurwa, macho mekundu. Alikuwa anakamua ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, simu ikamponyoka na kuzama ndani ya mtumbwi wa kukamulia. Akaianika siku mbili kwenye mkeka, katikati ya kahawa iliyoanikwa, kisha akaichomeka kwenye chaji. Ikafa hapo hapo.

"Humo kuna sauti ya marehemu baba," alisema. "Alinigawia kibanja cha migomba mbele ya kaka zangu, nikamrekodi. Sasa wanakana, na kesho tunaitwa kwenye baraza la kata."

Nikaifungua. Inanata sukari tupu, na kutu imeshaanza.

"Dada, hii imekwenda. Tafuta nyingine."

Adela akakaa chini sakafuni. Mama Kokwijuka akanyoosha mkono.

"Nipe niitazame, waitu," aliniomba kwa upole.

Aliisugua bodi kwa mswaki na spiriti, taratibu, kama anaogesha mtoto mchanga. Halafu akaipaka spiriti bodi nzima, akaipitishia umeme kidogo, akainama kutazama bila kupepesa. Sehemu moja ikakauka haraka kuliko kwingine kote.

"Hapo panapata moto. Hapo ndipo pagonjwa," alisema, akang'oa kipande kilichokuwa kinavuta umeme wote, kidogo kuliko punje ya ulezi.

Simu ikawaka. Jamani, mwili ulinisisimka! Miaka sita ya ufundi, video zote zile nilizotazama, na ujanja huo ulikuwa umekaa mita mbili kutoka kwangu, kimya, nyuma ya miwani iliyofungwa kwa uzi.

Nikaidaka simu kwa furaha. "Adela, nitajie namba ya siri, tuisikilize hiyo sauti!"

Mama Kokwijuka akafunika kioo kwa kiganja chake.

"Mwanangu, kazi yetu imeishia hapa. Ya ndani ni ya mwenyewe."

Akamkabidhi Adela, akatoka nje, akasimama kibarazani akiwa ameupa mlango mgongo. Uso ulinichoma kwa aibu. Nimepekua simu za wateja wangapi, nikiwaonyesha wenzangu picha zao tukicheka? Na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huo si ufundi.

Nikatoka na mimi. Nyuma yetu sauti ya mzee ikaanza kusikika, na Adela akapiga kelele, "Tata! Ni baba!" kisha akalia. Nilitamani mno kujua mzee alisema nini. Nikavuka barabara, nikaenda mpaka mahali ambapo sikuweza kusikia hata neno moja.